Telluride, Majani Yanapogeuka

Mwishoni mwa Septemba barabara ya kwenda Telluride hujaa watu wenye kamera shingoni. Theluji ya kutelezea bado haijaanguka, na tamasha la filamu la mji huo huwa limekwisha tangu mwanzoni mwa mwezi. Wanaokwenda wakati huu wanafuata majani. Kwa wiki mbili hivi, kabla upepo wa Oktoba haujayapukutisha, miti ya aspeni kwenye milima ya San Juan, kusini-magharibi mwa jimbo la Colorado, hugeuka manjano kiasi kwamba hata asiyejua mti huu na ule hupunguza mwendo. Mimi ni mmoja wa hao wasiojua. Nilikwenda kwa sababu shemeji yangu alikuwa na likizo na gari lenye matairi mazuri, naye miaka yote aliyokaa Aurora, pembeni mwa Denver, hakuwahi kuvuka kwenda upande wa machweo wa milima.

Shemeji ni mzaliwa wa Kamituga, Kivu Kusini. Aliyefika Kamituga anajua ni mji wa nini. Kwa asiyefika: ni mji wa dhahabu, ulizaliwa na dhahabu enzi ya Wabelgiji na mpaka leo unaishi kwa dhahabu. Baba yake alikuwa mtu wa mgodini. Kwa hiyo safari nzima mimi nilikuwa naangalia juu, kwenye miti, naye anaangalia chini, kwenye vifusi, na nikiri kwamba vifusi vilinieleza mengi kuliko miti.

Kutoka Denver ni zaidi ya kilomita 500. Tulilala Montrose, mji wa tambarare ulio mwendo wa saa moja na nusu kabla ya Telluride, kwa sababu bei ya chumba kimoja cha Telluride wakati wa majani ingetosha kulisha harusi. Montrose wasafiri wengi huipita bila kushuka. Ni makosa, maana hadithi ya milima ile inaanzia hapo. Kabla ya dhahabu bonde hili lilikuwa la Waute, watu waliopanda milimani kiangazi kuwinda na kushuka mabondeni baridi ikianza. Mwaka 1873, baada ya wachimbaji kuingia kwa nguvu, mkataba uitwao wa Brunot uliwanyang'anya milima ya San Juan. Chifu Ouray, aliyezungumza lugha kadhaa na kusafiri hadi Washington kuwatetea watu wake, alikubali kwa kuamini kwamba akitoa milima atabakiwa na mabonde. Alikufa Agosti 1880. Mwaka uliofuata, mwezi Septemba, jeshi liliwasindikiza Waute wa bonde la Uncompahgre hadi Utah, na walowezi waliokuwa wakisubiri wakaingia. Mjane wake, Chipeta, aliondoka pamoja nao. Alifia Utah mwaka 1924, na mwaka mmoja baadaye mabaki yake yakarudishwa kuzikwa Montrose, ambako sasa kuna jumba la makumbusho la Waute.

Tarehe hizo zilinikaa kichwani asubuhi iliyofuata tulipopanda mwinuko wa Dallas Divide, karibu mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Waute walitolewa mwezi kama huu.

Pale juu magari yalikuwa yameegeshwa pande zote mbili. Mbele yetu ulisimama Mlima Sneffels, mita 4,300 na ushei, kilele chake kimepakwa theluji ya kwanza, na chini yake vilima vimefunikwa na aspeni. Hata shemeji alinyamaza kidogo. Nilichokiona kwanza ni kwamba mlima haukuwa na rangi moja. Kipande hiki kilikuwa manjano ya bizari, cha jirani yake bado kijani, kile cha juu kimeshapukutika na kubaki mashina meupe, na hapa na pale kipande kimoja chekundu ambacho kila mwenye kamera alikigombania. Mipaka ya vipande ilikuwa wazi, utadhani kuna aliyeichora.

Sababu iko ardhini. Kila kipande kile ni mti mmoja. Aspeni huota zaidi kwa machipukizi ya mizizi kuliko kwa mbegu, hivyo mashina mamia kwa maelfu huwa na mzizi mmoja na damu moja, na mzizi ukiamua kwamba kiangazi kimekwisha, wote hugeuka pamoja. Katika jimbo jirani la Utah kuna aspeni mmoja, wataalamu wameuita Pando, wenye mashina yapatayo 47,000 kwenye hekta 43. Na ile manjano si kitu kipya kinachoingia kwenye jani. Imo tangu linachipua, ila inafunikwa na ukijani. Usiku ukirefuka na baridi ikikaza, mti huacha kutengeneza klorofili, ukijani hufifia, na kilichokuwa chini yake hujitokeza. Kikonyo cha jani nacho ni bapa, kimelala kinyume na ubapa wa jani lenyewe, ndiyo maana upepo ambao hata huusikii usoni hulitetemesha. Tulipozima gari tulisikia mteremko mzima ukichakarisha.

Yote hayo ni mazuri kuyajua. Lakini jambo la aspeni lililonibadilishia safari ni jingine: mti huu hupenda mahali palipoharibiwa. Msitu wa misonobari ukiungua au ukikatwa, mizizi ya aspeni iliyokuwa imejificha chini ya kivuli hupata jua na kuchipua kwa wingi. Huutawala mteremko kwa miaka mia hivi, kisha misonobari huota tena chini yake, huuzidi kimo na kuunyima jua. Kwa hiyo ukiona mlima umejaa aspeni wa umri mmoja, uliza kilichotokea pale zamani. Mwaka 1879 moto mmoja kusini mwa Silverton uliteketeza hekta zipatazo 10,000 za milima hii. Mahali pengine kilichopita ni shoka. Katika makumbusho ya Telluride, yaliyomo ndani ya jengo lililojengwa mwaka 1896 kuwa hospitali, zipo picha za enzi ya migodi ambazo mtalii wa majani angezikataa kwamba si hapa. Milima imenyolewa.

Kutoka Dallas Divide barabara huteremka hadi Placerville, kisha huufuata mto San Miguel kupandisha tena kati ya kuta za mawe mekundu. Bonde hufunguka ghafla. Kilomita chache za majani tambarare bila nyumba hata moja, mto ukijipinda katikati, halafu mji, na nyuma ya mji ukuta wa milima. Hakuna pa kutokea. Bonde linaishia hapo kwa maporomoko ya Bridal Veil yanayodondoka mita 111 kutoka kwenye mwamba. Mji wenyewe uko mita 2,667. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu akumbuke vibanda vya Mandara, ambako wageni wengi hulala usiku wa kwanza huku wakilalamika kichwa. Ndicho kimo cha barabara kuu ya Telluride.

Dai la kwanza la dhahabu juu ya bonde hili liliandikishwa mwaka 1875. Mwaka 1878 kikapimwa kijiji kikaitwa Columbia, lakini barua zake zikawa zinapotelea Columbia ya California, hivyo posta ikakataa, na mwaka 1887 jina likawa Telluride. Reli ilifika mwaka 1890. Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka: watu 5,000 bondeni, Wafini, Waswidi, Waitaliano, Wakornwali, kila kabila na baa yake, na juu milimani, mita 3,500 na zaidi, vijiji vya migodi vilivyoning'inia kwenye miamba. Kwenye mgodi wa Liberty Bell, Februari 1902, theluji iliporomoka ikazika bweni la wachimbaji. Wenzao wakapanda kuwafukua, ikaporomoka tena juu yao. Walikufa zaidi ya 15.

Migodi hii ilikula miti. Mihimili ya kuzuia mahandaki yasiporomoke, kuni za mitambo ya mvuke, mbao za nyumba, mataruma ya reli. Katika mgodi wa Gold King, ulio juu sana, kufikia mwisho wa miaka ya 1880 miti ya karibu ilikuwa imekwisha, na makaa ya mawe yaliyobebwa na nyumbu yalikuwa ghali kuliko dhahabu iliyotoka. Meneja wake, mwanasheria L. L. Nunn, akawaza kutumia maji. Mto ulikuwa chini, mgodi juu, kilomita 4 hivi kati yao. Umeme wa aina aliyoipigania Edison, ule unaokwenda upande mmoja, usingefika bila kupotelea njiani kwenye waya. Nunn akamgeukia George Westinghouse, aliyekuwa ameshika mkondo geu, umeme ambao wengi waliuona mchezo wa hatari, na mwaka 1891 katika kijiji cha Ames wakafunga mtambo uliopeleka volti 3,000 hadi mgodini. Ni miongoni mwa mara za kwanza kabisa duniani mkondo geu kuendesha kazi ya kiwanda kutoka mbali. Umeme unaoingia nyumbani kwako leo, uwe Mbeya au Mombasa, ni wa ukoo huo.

Tulikwenda Ames mchana, kusini mwa mji, kwa njia ya changarawe. Jengo la mawe, mto, na aspeni pande zote hadi juu. Shemeji alishangaa kwamba hakuna sanamu. Mimi nilishangazwa na aspeni. Mtambo ule ulijengwa pale kwa kuwa miti ilikuwa imekatwa kote, na sasa watu husafiri kutoka Texas kuja kupiga picha za miti.

Jioni tulitembea barabara kuu, Colorado Avenue. Sitaipamba: ni barabara nzuri kweli. Majengo ya matofali ya miaka ya 1890, hoteli ya New Sheridan iliyojengwa upya mwaka 1895 baada ya ile ya kwanza kuungua, mahakama, na juu ya mapaa milima ya manjano pande tatu. Kitovu cha mji ni urithi wa taifa tangu miaka ya 1960. Ulihifadhika, kama miji mingi ya aina yake, kwa umaskini. Fedha ya madini ilipokauka hakuna aliyekuwa na pesa za kubomoa.

Ukutani, karibu na dirisha la duka, kuna kibao kinachosimulia kwamba hapa, tarehe 24 Juni 1889, Butch Cassidy na wenzake waliiba benki ya San Miguel Valley, dola 20,000 na zaidi. Ulikuwa wizi wake wa kwanza wa benki. Watalii hupiga picha hapo kwa furaha. Mimi nilimpenda zaidi mwizi wa pili, Buck Waggoner, rais wa Benki ya Telluride. Mwaka 1929 alipoona benki yake inazama na akiba za wachimbaji nayo, alizidanganya benki kubwa za New York kwa simu za maandishi za uongo, zikamtumia dola 500,000, akalipa madeni, wateja wake wakaokoka, yeye akaenda jela. Huyu hana fulana wala kikombe dukani.

Wasio na kikombe wengine ni wachimbaji wenyewe. Hadithi yao haiuziki kirahisi. Mwaka 1901 mgodi wa Smuggler-Union ulikuwa ukilipa kwa pima: mchimbaji analipwa kwa pima ya mwamba anayoichimba, na upana wa mwamba ukizidi, kazi inazidi lakini malipo hayazidi. Chama chao kikagoma. Kampuni ikaleta watu wengine, na Julai risasi zikapigwa pale mgodini, wa kwanza kuanguka akiwa mgomaji, John Barthell. Novemba moto ukawaka kwenye mlango wa handaki, moshi ukaingia ndani, wakafa zaidi ya 20. Mwaka uliofuata meneja Arthur Collins akapigwa risasi kupitia dirishani usiku. Akafuata meneja mwingine, Bulkeley Wells, mtanashati aliyesoma Harvard, ambaye alikuwa pia ofisa wa askari wa jimbo.

Kilichogombaniwa mwaka 1903 kilikuwa saa 8 za kazi kwa siku. Wapiga kura wa Colorado walikuwa wamelikubali jambo hilo kwa wingi mwaka 1902, bunge la jimbo likakaa kimya. Wafanyakazi wa vinu vya kusaga mawe wakagoma. Gavana James Peabody akaleta jeshi, Januari 1904 ikatangazwa sheria ya kijeshi, na usiku wa tarehe 14 Machi kundi la wafanyabiashara wenye silaha likapita nyumba kwa nyumba, likakusanya wanachama na wanaowaunga mkono zaidi ya 60, likawapakia kwenye treni hadi Ridgway na kuwaambia wasirudi. Ili wasirudi kwa miguu kupitia njia ya Imogene, karibu mita 4,000 juu, askari wakajenga kibanda cha mawe na mbao cha kulinda kilele. Wakakiita Fort Peabody. Mwisho wa mwaka huo wenye migodi walikubali saa 8, lakini chama kilikuwa kimeshavunjwa.

"Sasa umenielewa," shemeji aliniambia tukisubiri gondola. "Mimi nilisema toka Montrose, huu mji ni wa kwetu."

Gondola ni vile vyumba vidogo vinavyopita kwenye waya juu ya mlima hadi mji wa pili, Mountain Village. Ilianza mwaka 1996 na ni ya bure, kitu cha nadra katika mji ambao glasi ya maji nusura ilipiwe. Dakika 13 unapita juu ya vilele vya aspeni, na ni hapo, si barabarani, ndipo majani yanapoonekana vizuri. Kwenye chumba chetu walipanda kina mama wawili wenye sare za hoteli, wakizungumza Kihispania, wamechoka. Hawakuangalia nje hata mara moja. Wafanyakazi wengi wa Telluride hawakai Telluride. Hulala Norwood, Ridgway, Montrose, na alfajiri hupandishwa kwa basi. Tulikuwa tumewaona alfajiri, bado giza, kabla ya kufika Dallas Divide, taa za mabasi na pikapu zikitangulia mbele yetu.

Mji ulikaribia kufa kabla ya haya. Katika miaka ya 1960 walibaki watu wapatao 600. Mwaka 1972 kikafunguliwa kituo cha kuteleza kwenye theluji, mwaka 1974 yakaanza matamasha ya muziki na filamu, na mwaka 1978 mgodi wa mwisho, Idarado, ukafungwa. Vijana wenye nywele ndefu walikuja kwa nyumba za bei ya bure, wakafuatwa na matajiri, na hao matajiri wakafanya jambo moja ambalo sina budi kuwasifu. Lile bonde la majani tambarare mlangoni mwa mji, hekta 230, lilikuwa mali ya kampuni iliyotaka kujenga. Mji ukalitwaa kwa sheria, mahakama ikapanga fidia ya dola milioni 50, na wenyeji, wenye nacho na wasio nacho, wakachanga kilichopungua. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya jimbo ikathibitisha. Mto, ambao enzi ya reli ulinyooshwa kama mfereji, umerudishiwa mapindo yake, na jioni elki, wale paa wakubwa wenye mapembe ya matawi, hushuka kunywa. Madume yalikuwa yakilia siku zile. Ni wakati wao wa kutafuta majike, na sauti yao ni nyembamba mno kwa mnyama wa kilo 300.

Kesho yake tulianza na makaburi ya Lone Tree, mashariki mwa mji. Kaburi la Barthell lipo, limewekwa jiwe na chama chake. Wapo wa maporomoko ya theluji, wapo wa homa ya mafua ya 1918, zipo mbao zilizooza zisizosomeka jina. Karibu kila umri unaosomeka uko chini ya 40.

Mbele kidogo ya makaburi ni Pandora, mwisho wa bonde, kilipokuwa kinu cha Idarado. Njia ya kwenda kwenye maporomoko inapita hapo. Juu ya mwamba, kando kabisa ya maji yanapoanzia kudondoka, kuna nyumba ya mtambo wa umeme ya mwaka 1907 ambayo kila mgeni huipiga picha. Shemeji hakuipiga. Alikuwa amesimama barabarani akitazama kilima kirefu, bapa juu, kilichoota nyasi.

"Shemeji, hayo ni marudio," alisema.

Yalikuwa marudio kweli: unga wa mawe uliobaki baada ya kinu kutoa dhahabu, fedha, risasi na zinki, miaka na miaka. Jimbo liliishtaki kampuni mwaka 1983 kwa sababu metali zake zilikuwa zikiingia mtoni, na mapatano ya mwaka 1992 yakailazimisha isafishe. Marudio yakasawazishwa, yakachanganywa na mbolea na chokaa, yakapandwa nyasi. Nilimsomea hayo kwenye simu. Nilidhani yatamfurahisha.

"Na dhahabu iliyobaki je?"

Nikamwambia ni kidogo mno, haifidii gharama. Akacheka. Vinu vya zamani, alisema, havikuwa hodari hivyo. Kwao kilima cha namna hiyo kisingelala wiki. Wangekwishakuja na karai na zebaki, wangekiosha chote, wakarudia tena, na watoto wa shule wangelipiwa ada. Nikamkumbusha zebaki inavyoua samaki na watu. Akanikumbusha ada. Tulibishana pale, watalii wakitupita na fimbo zao za kutembelea, mpaka akaamua kumpigia kaka yake Kamituga, ambako ilikuwa jioni. Aligeuza simu amwonyeshe kwa video: aspeni, maporomoko, nyumba juu ya mwamba. Kaka mtu akaitikia kwa adabu. Kisha simu ikafika kwenye kile kilima, na shemeji akamweleza ni nini na kimeachwa tangu lini.

Kaka mtu akauliza kama usiku kuna mlinzi.